Koti la Baba Yako Baharini

Portnacree,
Donegal.
6 Machi 2014

Mpendwa binamu yangu Nuala,

Habari za huko Perth? Goti limepona, au bado unashuka ngazi kinyumenyume? Sisi hatujambo, ila mama ana kikohozi, na mvua haijakatika tangu Krismasi.

Nina jambo la kukiri, nalo linahusu koti la marehemu baba yako, mzee Manus.

Tangu afariki, yule mtu wa bandia wa mazoezi tunamvika koti lake la njano. Kila Jumapili tunamtupa baharini, kisha tunamwokoa. Miaka kumi na mmoja nimejitolea kwenye mashua ile ya uokoaji nikiungoja usukani wa baba yako. Mwezi uliopita wakampa Dervla, daktari wa meno aliyehamia hapa juzijuzi. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona. Wivu ulininyima hata usingizi.

Jumapili iliyopita kazi yangu ilikuwa kunyoosha kidole. Mtu akiwa majini, mmoja wetu humwonyesha kwa kidole bila kumwondolea macho mpaka aopolewe, na mashua hufuata kidole hicho. Dervla akaigeuza mashua vizuri mno, vilevile kama baba yako. Nikageuka kumtazama. Nilitaka akosee, Nuala. Niliporudisha macho, niliona mawimbi tu.

"Fergal, mtu wetu yuko wapi?" akauliza Dervla.

"Macho yako kwa bibie, eti?" akafoka Eunan, mkuu wetu. "Haya, umeshamzika Manus mara ya pili!"

Tulitafuta saa nzima. Koti limekwenda. Nisamehe sana.

Tuliporudi, Dervla akanimiminia chai. "Kaka, Jumapili ijayo tunatumia mtu hai. Naingia majini mimi, na nimeomba kidole kiwe chako."

"Changu? Baada ya leo?"

"Wewe ndiye ambaye hutarudia kosa hilo."

Usukani siku hiyo atashika Eunan, si mimi, na hilo nalo limeniuma. Yule mwanamke bado namwonea wivu, sikufichi. Lakini kila asubuhi nasimama dirishani, namnyooshea kidole shakwe mmoja angani mpaka mkono uishiwe nguvu. Mama anadhani nimerukwa na akili.

Msalimie shemeji Declan na wanao. Mungu asikuondolee macho huko uliko, hata kwa nukta moja.

Wako akupendaye daima,
Fergal