Rizz imetoka wapi

Jumanne, Rongo

Na limekataa kutoka kichwani, hili neno. Binti yangu Atieno amepata kijana wa Kendu Bay. Eti ana rizz, akiongea tu unampenda.

Nikauliza ni wa ukoo gani. Akacheka. "Mama, mtu wa rizz haulizwi ukoo!"

Nikampigia ndugu yangu, mwalimu wa Kiingereza. Akasema vijana wamelikata kutoka charisma, neno la Wagiriki, maana yake zawadi ya Mungu. Kumbe ni ile karama tunayoombea kanisani! Nikapumua.

Kidogo tu. Mama yangu alizaliwa Kendu Bay. Na kama huyo kijana ni damu yetu...

Neno nimelijua mpaka kwa babu zake. Kijana, hata jina la babake sijaambiwa.