Televisheni Ilitoka Kwanza

Papa Héritière,

Ukirudi kutoka kwa jirani: maharagi imeiva, iko ndani ya sufuria. Maji ya kunywa ni ya bidon ya njano. Ile ingine iliingia majivu ya volkano.

Nimepeleka mama yangu kule Murara, kwa ndugu yangu Ézéchiel. Sababu unaijua. Kila siku unasema ile filme ya Wakorea ni ya watoto, wewe unafuata tu habari za vita. Lakini leo asubuhi udongo ulipotetemeka, ulitoka mbio umekumbatia televisheni kama mutoto muchanga! Mama mukwe wako alibaki kwenye kiti, anakuita. Ni mimi nilimutoa. Na wewe, mbele ya majirani, ukaniuliza télécommande ya televisheni iko wapi.

~~Haturudi tena.~~ Tutarudi leo magaribi. Mama amekataa kulala Murara. Leo ndani ya filme ndiyo watagundua yule mwimbaji mwenye kujifanya kijana ni musichana. Yeye siri yake itatoka magaribi. Yako imetoka asubuhi, majirani wa quartier yote wameona.

Rudisha televisheni mahali pake. Kiti cha mbele ni cha mama mukwe wako. Wewe fuata habari za vita.

Bibi yako mpaka sasa,
Mama Héritière