Duara la Maji Bila Ndoo

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekaa kimya tangu Juni, na sina udhuru. Sikuugua wala sikusafiri. Nilichoka tu kuandika kwamba hakuna jipya. Huo ni uvivu, na uvivu sikuuvumilia kwa wanafunzi wangu hata siku moja. Najitaka radhi mwenyewe, kisha naendelea.

Asubuhi kama kawaida. Chai ya tangawizi, taarifa ya habari, kisha kuteremka kilima cha Old Kampala polepole, kwa sababu ya goti. Kikao cha Baraza la Kitivo. Nimestaafu kufundisha, lakini Baraza limenibakiza kama mjumbe. Wanasema ni kwa heshima. Nadhani ni kwa ajili ya lile neno.

Baraza letu lina desturi moja. Mjadala haufungwi na mwenyekiti. Hufungwa na mjumbe mwenye umri mkubwa kuliko wote, kwa kusema: "Tumesikia." Kikao chote ni Kiingereza, neno hilo peke yake ni Kiswahili. Inasemekana lililetwa na mwenyekiti wa zamani aliyewahi kuwa mwanajeshi. Halimo katika kanuni yoyote, lakini lisiposemwa hakuna uamuzi. Sasa mwenye kulisema ni mimi.

Habari ya leo: serikali imetupatia fedha ya maendeleo, inayotosha kazi moja tu. Ama tujenge lango jipya na ukuta, ama tuezeke upya ukumbi wa kusomea. Isipotengewa kazi, fedha itarudi Hazina. Na mhandisi ameonya kwamba ukumbi usipotengenezwa utafungwa kabla ya mitihani.

Mkuu wa Kitivo, Dakta Mugerwa, anataka lango. Hilo ndilo linalonishangaza. Huyu ni mtu anayekuja na chakula chake katika kibakuli na kukila ofisini peke yake. Si mtu wa makuu. Lango la nini?

Jumatano tutakwenda kuukagua ukumbi.

Jumatano, 8 Oktoba

Tumeukagua. Magari manne kwa mwendo ambao ungetosha kwa miguu. Askari wa ukumbi, Okello, alikuwa amesimama wima mlangoni, sare imepigwa pasi.

Ndani hakukuwa na mtu. Meza zimepangwa mistari iliyonyooka. Sakafu imepigwa deki. Mchana wa siku ya masomo, wiki chache kabla ya mitihani, na hakuna mwanafunzi hata mmoja.

Profesa Byaruhanga, ambaye hawezi kuona kimya bila kukijaza, alisema, "Kumbe hapa wanasoma majini tu." Watu wakacheka. Mugerwa hakucheka. Alionekana kama mtu aliyepata ruhusa aliyokuwa akiiogopa.

Nami niliridhika. Nikasema moyoni: ukumbi usiotumika haustahili paa.

Jambo moja tu. Karibu na dirisha la tatu niliona duara la maji sakafuni. Duara kamili, kama lililochorwa kwa bikari. Ndani yake pakavu, pembeni maji. Ndoo ilikuwa imekaa hapo. Ndoo iko wapi?

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru. Majirani wana muziki. Nimeshinda nyumbani.

Nimewaza juu ya duara lile kuliko nilivyowaza juu ya Uhuru. Ukumbi usio na watu hauhitaji ndoo. Nani anaweka ndoo mahali ambapo hakuna wa kulowa?

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeona. Niandike kwa utaratibu.

Baada ya swala nilikwenda chuoni bila kumwambia mtu. Nilikusudia kupita langoni. Bodaboda ikaniteremsha upande wa nyuma kwa sababu ya foleni, na hapo nikaona wanafunzi wakielekea kwenye ua wa seng'enge na kutoweka. Mmoja baada ya mwingine. Nikafuata. Kuna upenyo. Nyaya zimekunjwa kwa ustadi na kufungwa kwa kitambaa ili zisichane nguo. Chini ni tope jekundu tupu.

Nimefanya kazi katika chuo hiki kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sikuujua mlango unaotumiwa na wanafunzi wangu.

Msichana mmoja aliniona nimesimama. Akaniita bibi kwa Kiganda: "Jjajja, inama kidogo tu. Kichwa kwanza, halafu mguu." Nikainama. Kichwa kwanza, halafu mguu. Buibui likapata tope. Sikujali, na kutojali kwangu kulinishangaza.

Ukumbi ulikuwa umejaa.

Umejaa kweli. Wengine walikuwa wamekaa madirishani. Mvua ilikuwa imeanza, na ndoo zilikuwa kila mahali: za rangi, za mafuta ya kupikia, beseni moja la kufulia. Meza hazikuwa katika mistari. Zilikuwa zimesogezwa kila moja mahali pakavu, na hakuna aliyeonekana kushangaa. Tone likihama, meza inahama. Kisha vichwa vinarudi vitabuni. Nimesimamia mitihani ambayo haikuwa na utulivu ule.

Aliyenipisha kiti anaitwa Safina. Ni nesi katika hospitali ya Mulago, zamu ya usiku, na mchana anasomea shahada. Anatoka katika familia ya Wanubi, anaishi mtaa wa Kamwokya. Nilimuuliza kwa nini hasomi nyumbani. Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini hasomi barabarani.

"Mwalimu, chini kuna mtu anauza spika. Anajaribu kila moja. Juu kuna mtoto ya dada yangu, anaota meno, analia. Mimi ntasoma wapi? Hapa iko maji lakini iko kimya."

Kwa kawaida ningemrudisha kwenye sarufi. Leo sikumrudisha.

Nikamwuliza, ukumbi ukifungwa? Akasema ataacha masomo, mwaka wa mwisho huu. Alisema bila machozi, huku akikung'uta maji kwenye daftari. Wodi haitamsubiri, na kichwa chake hakisomi penye kelele. Basi.

Nilipouliza Jumatano walikuwa wapi, ukumbi mzima ulicheka. "Tulifukuzwa, mwalimu! Wakubwa walikuwa wanakuja."

Nikamtafuta Okello. Niliingia kwa ukali. Alinijibu kwa mshangao wa kweli kabisa:

"Hajati, wageni wanakuja, mimi niache ndoo katikati ya nyumba?"

Mama yangu angefanya vilevile. Mimi hufanya vilevile. Akija mgeni, vitu vyote vya kawaida vinaingia chumba cha nyuma. Okello hakuficha kitu. Alitupokea. Akaondoa wanafunzi kama mtu anavyoondoa nguo zilizoanikwa sebuleni.

Nasi wasomi tukaona nyumba iliyofagiliwa na kuamua kwamba haina watu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimekwenda kwa Mugerwa. Sikwenda kugombana. Nilitaka kujua lango la nini.

Alifunika kibakuli chake, akanisogezea kiti. Akaeleza kama mwalimu mzuri. Kila mwaka wanakuja maofisa wa serikali kutukagua. Wanapita langoni, wanapokelewa, wanakula, wanaondoka. Chuo kingine, ambacho sitakitaja, kilijenga lango, na mwaka uliofuata fungu lake likaongezeka. Kwetu limepungua. Likipungua tena, wahadhiri wa mkataba ndio watakaoondoka kwanza. Anawajua mmoja mmoja. Mmoja mke wake amejifungua juzi.

"Hajati, serikali haisomi ripoti zetu. Inasoma lango."

Neno hilo limenichukiza, na silioni kosa lake. Nilikuja nikidhani nitakuta majivuno. Nimekuta woga, tena woga kwa ajili ya wengine. Ningelikuwa na umri wake na kiti chake, huenda ningetaka lango pia.

Nikamwuliza kama amewahi kuuona ukumbi ukiwa na watu. Alifikiri. Ni mtu mkweli. Akasema kila alipokwenda, alitangulia kumpigia Okello simu ili afunguliwe.

Nikamwambia niliyoyaona. Akanisikiliza, akaandika, akashukuru. Kisha akasema Jumatano Baraza litapima. Nilitoka nikijua kwamba kusikia hakujatosha. Hata mimi nisingeamini kwa kuambiwa.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimelala vibaya. Wajumbe wawili wamenipigia simu, wote kwa upole, wote kwa jambo moja: nisirefushe kikao. Profesa Byaruhanga ni mmoja wao. Amesema kesho kuna pilau.

Nina hasira. Ninaiandika hapa ili nisiende nayo.

Jumatano, 15 Oktoba

Kikao kilianza na mvua. Nilizungumza mapema, nikaeleza upenyo, ndoo, Safina. Walinisikiliza kwa adabu ile ambayo watu humpa mzee kabla ya kuendelea na yao. Mmoja akasema ushahidi wa mtu mmoja hauwezi kushinda ziara ya Baraza zima. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Lango, lango, lango. Karatasi zikaanza kukusanywa.

Kisha wakanitazama. Wakangoja neno.

Sikulisema.

Sijui niseme ukimya ule ulikuwa wa namna gani. Mvua juu ya mabati ya nje. Kijiko kikigonga kikombe. Mtu akakohoa. Byaruhanga akainama kwangu: "Hajati, pilau inapoa."

Nikasema: "Ipoe. Mimi nimesikia. Sijasema tumesikia. Twendeni tukaone, sasa hivi, kwa miguu, na mtu yeyote asimpigie Okello."

Manung'uniko. Mmoja alisema si utaratibu. Nikamjibu kwamba neno lenyewe si utaratibu, na wote wanalingoja. Mwingine alikumbuka kiatu chake cha ngozi. Nilihisi kwamba nimeshindwa, na moyo ulinipiga kwa nguvu isiyofaa kwa umri wangu. Nikifa hapa, nikawaza, watajenga lango na kuliita kwa jina langu.

Mugerwa alisimama. Akachukua mwavuli.

Tulitoka kama nusu ya Baraza. Waliobaki walikwenda kwenye pilau. Byaruhanga alikuja, akilalamika njia nzima, lakini alikuja, na alinishika mkono penye utelezi.

Ukumbi ulikuwa kama Ijumaa, na zaidi. Hakuna aliyesimama tulipoingia. Hawakutujua. Tulikuwa watu waliolowa, kama wao. Safina alikuwa amelala, shavu juu ya kitabu, koti la zamu ya usiku mabegani, ndoo imejaa pomoni karibu na kiwiko chake.

Mugerwa aliitazama ndoo ile. Kisha akaiinua kwa mikono miwili na kugeuka huku na huku, hajui pa kuipeleka.

Kijana mmoja alisema bila kuinua macho, "Mwaga dirishani, mzee. Halafu rudisha hapohapo, usichelewe."

Mkuu wa Kitivo akamwaga dirishani. Akarudisha haraka. Tayari matone mawili yalikuwa yameanguka kwenye meza, akayafuta kwa tai yake.

Byaruhanga, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na la kusema. Alisimama akishikilia beseni la kufulia kwa sababu mtu alikuwa amempa.

Tuliporudi akidi ilikuwa imevunjika. Mugerwa ameahirisha kikao hadi Jumatano ijayo. Neno bado ninalo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Siku tulivu. Jua. Buibui limefuliwa, tope halikutoka lote.

Mugerwa alinipigia asubuhi. Hakuniahidi kura. Ameniuliza swali tu: maofisa wa serikali watakapokuja, je, wakipitishwa upenyoni badala ya langoni, wataudhika au wataelewa? Alikuwa akicheka kidogo, lakini aliuliza. Nimemwambia sijui. Kweli sijui. Huenda wataudhika. Huenda fungu likapungua, na yule mwenye mtoto mchanga akaondoka, na nitakuwa nimechangia. Ukumbi una uso wa Safina. Lango nalo lina uso, ila mwenyewe sijamwona. Imenibidi kulikubali hilo kabla ya Jumatano.

Mchana nilipita kwa Okello. Nikamwomba kwamba Baraza likija tena, au wageni wowote, asiguse kitu. Ndoo zikae. Wanafunzi wakae. Lilimwuma. Nililiona usoni, kama nimemwambia apokee wageni akiwa hajavaa shati. Kisha akaomba jambo moja: angalau aweke mawe pale upenyoni, watu wasiteleze.

Nimekubali mawe.

Nilipotoka alikuwa ameshayaweka. Matatu, bapa, yamepangwa kwa hatua fupi. Nadhani alinipimia mimi. Nikainama, kichwa kwanza, halafu mguu, nikatoka bila tope.

Baraza linakaa Jumatano. Siku nitakapolisema lile neno, nitaliandika hapa pamoja na uamuzi uliolifuata, hata ukiwa si niliotaka. Kabla ya hapo kalamu ipumzike.