Nilimwita Baba Mgeni Ili Ruzuku Isikatwe

Mama Kokubanza, shikamoo. Naomba unisaidie kufikiri, maana mwenyewe nimefikiri mpaka akili imechoka, na huku kijijini kila ninayemweleza ana jibu lake kabla sijamaliza kusema.

Naitwa Kezia, ni mjane, naishi na binti zangu wawili, Nancy na mdogo wake, katika kijiji kimoja upande wa Rubya, wilaya ya Muleba. Mume wangu Nathanieli alifariki yule binti mdogo akiwa bado ananyonya, akatuachia nyumba na kibanja chenye migomba na kahawa kidogo, na migomba yenyewe ikaja ikashikwa na mnyauko, nikawa nalima vibarua kwenye mashamba ya watu, mpaka kaya yangu ilipoingizwa kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini. Tangu hapo, Mama, siwezi kusema tumetajirika, lakini wanangu wanakwenda shule wamevaa viatu, nimenunua kuku na nguruwe, na nikipika leo siwazi kwamba kesho jiko halitawaka. Ruzuku ya mpango huo ndiyo imetushika mkono.

Sasa nije kwa baba yangu, mzee Kahangwa. Alikwenda kisiwa cha Bumbire kuvua nikiwa ndiyo naanza shule, akasema anakwenda kutafuta bati za kuezekea nyumba, na kweli mwanzoni alikuwa akija Krismasi na samaki wa kukaushwa na kitenge cha mama, kisha akawa anakuja mwaka huu anaruka mwingine, kisha tukawa tunapata salamu tu kwa watu wanaotoka kisiwani, na hata mama alipofariki alifika tumeshazika. Sina kaka wala dada aliye hai. Mwaka huu, baada ya Pasaka, wavuvi wenzake walimvusha wakanipigia simu nikiwa shambani, mmoja anaitwa Zahoro akasema, "Dada, njoo mwaloni umchukue mzee, macho yamekwisha, juzi amekanyaga maji akidhani ni ubao, tumemvuta kwa koti." Nikaenda kumchukua pale mwaloni, boti zinapotua. Alikuwa na begi moja na redio. Nikampa chumba cha wanangu, wao wakahamia kwangu.

Mwanzoni tulikaa vizuri. Wajukuu walimzoea upesi kuliko mimi, akawa anawaonyesha kuziba wavu kwa kupapasa tu, anawahadithia visa vya kisiwani, na mdogo alikuwa anamshika mkono kumpeleka chooni bila kuambiwa. Kisha akaja Gaudensia, jirani yangu, ambaye naye ni mnufaika kama mimi, na simsemi vibaya kwa sababu huyu ndiye aliyenisaidia nilipofiwa, akaniambia, "Kezia waitu, unajua ulichofanya? Umeingiza mwanamume kwenye kaya. Wakija kuhuisha taarifa watasema una mtu wa kukutunza, tena mvuvi mwenye mtumbwi, watakutoa." Nikamwambia huo mtumbwi ulishaoza zamani. Akasema, "Nani atakwenda Bumbire kuuangalia? Wewe sema ni mgeni, amekuja kusalimia, basi."

Wawezeshaji wa mpango walipopita, aliyefika kwangu ni dada mmoja mpole anaitwa Lilian, na kishikwambi chake mkononi. Akauliza habari za watoto, mahudhurio ya shule, kliniki, mifugo, yote nikajibu. Baba alikuwa amekaa hapo hapo mlangoni na redio yake, na Lilian akauliza, "Na mzee huyu ni wa hapa?" Nikasema, "Hapana, ni mgeni tu, anarudi Bumbire." Lilian akamgeukia kwa heshima, "Shikamoo mzee. Unarudi lini?" Baba akazima redio, akasema, "Mwenye nyumba ameshajibu, mwanangu." Na nisikufiche, Mama, neno lile la mgeni halikunipa shida kulitoa, lilitoka lenyewe kama lilikuwa linasubiri.

Kuanzia siku ile baba yangu amekuwa mgeni kweli. Hakunigombeza, ingekuwa afadhali angegomba. Asubuhi anakunja blanketi lake na kuliweka juu ya begi, na begi analiweka karibu na mlango. Akitaka maji anaomba. Shati lake likifuliwa hataki lianikwe kwenye kamba na nguo zetu. Nancy alimpelekea kahawa ya kutafuna, zile buni tunazowakaribishia watu, akazipokea kwa mikono miwili akasema, "Asanteni, mnakirimu vizuri wageni," na mtoto akaja jikoni akaniuliza, "Mama, babu anaondoka?" nikamwambia achochee moto.

Ningeweza kuvumilia hayo nikisema yatapita. Lakini nilimpeleka zahanati, mganga akamwangalia akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba hospitali wanaweza kumtoa akaona tena, na kwa umri wake na hali yetu tukamwombee barua ya mtendaji kwamba ni mzee asiyejiweza wa kijiji hiki ili apate msamaha wa matibabu. Wa kijiji hiki! Mtendaji ndiye huyo huyo anayepokea taarifa za wawezeshaji, anajua kwamba kwangu hakuna mzee. Nikienda kuomba barua, uongo wangu unatoka wenyewe mezani pake, na ruzuku huenda ikaondoka nao. Nisipokwenda, baba anabaki gizani kwa ajili ya ulimi wangu. Gaudensia anashauri nimrudishe Bumbire kwa muda, kule kuna watu wanaomjua, wamwombee barua wao, halafu yakitulia arudi. Baba alisikia, maana masikio yake ni mazima, akasema, "Ni wazo zuri, niulizieni lini kuna boti."

Mama Kokubanza, nikiwafikiria wanangu naona nimefanya sawa, nikimwangalia baba anavyopapasa ukuta naona sivyo. Nifanye nini?

Kezia, Muleba

*

Marahaba, Kezia mwanangu. Pole kwa kufiwa mapema, na pole kwa kubeba nyumba peke yako. Mwanamke aliyewahi kulala na watoto wenye njaa akiogopa njaa isirudi, simwiti mwovu. Lakini huko kukuonea huruma kumeishia hapo, sasa nisikilize.

Nani alikuambia kwamba mzazi akihamia, kaya inatolewa? Gaudensia. Gaudensia alikupikia uji ulipofiwa, Mungu ambariki, lakini Gaudensia siye mpango. Wewe ulikuwa umekaa na Lilian uso kwa uso, mtu ambaye kazi yake ni kujibu maswali hayo, na hukumuuliza hata moja. Ukamdanganya kwanza, kisha ukaniandikia mimi wa Bukoba! Mimi si afisa wa ruzuku na sitakuahidi kitakachoamuliwa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mzee asiyeona, asiye na shamba wala chombo, hakuongezei utajiri, anakuongezea mdomo wa kulisha, na hilo mtu yeyote mwenye macho atalielewa akielezwa. Kitakachokuletea matatizo si baba yako. Ni kauli yako. Taarifa isiyo kweli ukiirekebisha mwenyewe, unaonekana mtu aliyekosea. Ikigunduliwa na wengine, unaonekana mwizi, na utakosa hata wa kukutetea.

Na hilo la kumrudisha Bumbire, liache. Umetoka kuniambia alikanyaga maji akidhani ni ubao. Unataka kumpeleka tena majini mtu asiyeona, ili akuhifadhie uongo? Nilisoma pale mara mbili nikidhani macho yangu ndiyo mabovu.

Sasa kuna sentensi moja uliiandika ukaipita mbio. Umesema neno la mgeni lilitoka lenyewe kama lilikuwa linasubiri. Kezia, hukulitoa kwa ajili ya ruzuku peke yake. Yule mtoto aliyekuwa anangoja Krismasi aone kama baba atakuja, ndiye aliyejibu siku ile. Na alikuwa na haki ya kukasirika. Mzee Kahangwa alikosea, alikaa kisiwani mpaka mkewe akazikwa bila yeye, na kuugua kwake hakufuti hilo. Lakini hasira ya baba na mwana inasemwa nyumbani, ana kwa ana. Hairushwi mbele ya mtumishi wa watu, tena wakati mwenyewe haoni hata uso wa anayemkana.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufuate mpangilio huu usiugeuze. Usianze na mtendaji. Anza na baba yako. Usimweleze habari za mpango na kishikwambi, hayo anayajua. Mwombe msamaha kwa lile neno moja ulilosema, kisha mwambie na lile linalokuuma tangu utotoni, umwache naye aseme. Binti zako wawepo, kwa sababu nao wameona alivyogeuka mgeni. Ukimaliza, mshike mkono mwende naye kwa mtendaji, wewe ukiwa mbele, ueleze yote kwa kinywa chako, uombe taarifa za kaya yako zirekebishwe na uombe barua ya matibabu siku hiyo hiyo. Ukiogopa, mwombe mchungaji wako au mwenyekiti wa kitongoji akusindikize, si kukusemea. Wakisema ruzuku itapitiwa upya, itikia. Wakikugombeza, inamisha kichwa, umestahili. Kuku ulionao na nguruwe walitoka kwenye mikono yako, na mikono bado unayo. Macho ya mzee hayasubiri.

Ukishakwenda nijulishe, na usikae sana.

*

Mama Kokubanza, shikamoo. Ni Kezia wa Muleba.

Nilifanya ulivyosema, ila nilichelewa kwa sababu nilikuwa naogopa. Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, baba naye anamenya kwa kupapasa, nikaweka kisu chini nikapiga magoti, nikasema, "Tata, nisamehe, nilikukana mbele ya watu." Aliendelea kumenya mpaka ile ndizi ikaisha. Kisha akasema, "Mimi sikukasirika, Kezia. Niliona umenisaidia. Mgeni haulizwi miaka yote alikuwa wapi."

Basi nikamuuliza. Nikamuuliza yote, habari za Krismasi, habari za mama, kwa nini alikuja tumeshazika. Sikujua nina sauti kubwa namna ile. Hakujitetea. Alisema mwanzoni alikosa cha kuleta akaona aibu kuja mikono mitupu, na kila mwaka aibu ikawa kubwa kuliko mwaka uliotangulia, mpaka ikawa rahisi kutokuja. Alisema habari za msiba zilimkuta ziwa limechafuka, lakini hata lingetulia hajui kama angekuwa na miguu ya kuwahi. Nancy alikuwa analia, mdogo akamuuliza babu yake kama sasa miguu anayo. Tukacheka wote, hata mimi ambaye sikutaka.

Kwa mtendaji tulikwenda na mwenyekiti wetu wa kitongoji, mzee Protase. Nilisema mwenyewe. Mtendaji alinigombeza kweli, akasema watu kama mimi ndio wanafanya wenye shida wasiaminike, nikainamisha kichwa kama ulivyoniambia. Kisha akampigia simu Lilian mbele yetu, na Lilian akasema, "Mimi nilijua ni baba yake, wanafanana pua, nilikuwa nasubiri aseme." Taarifa zimechukuliwa upya na baba ameingizwa kwenye kaya. Kuhusu ruzuku tumeambiwa tungoje dirisha la malipo lijalo, yaani awamu inayofuata, kwa hiyo jibu sinalo bado, nami nangoja kama wengine. Gaudensia amekuja kuniuliza namna ya kusema, kwa sababu naye ana mama mkwe ambaye kwenye taarifa ni jirani.

Barua tulipewa. Baba ametolewa mtoto wa jicho upande wa kulia, kwa wa kushoto atarudi baadaye. Walipomfungua bandeji aliwaangalia wajukuu mmoja mmoja, mimi akaniangalia kidogo tu, akageukia dirishani.

Daktari amemkataza kuinama, kubeba kitu kizito na kukaa kwenye moshi. Tukarudi nyumbani, na kesho yake asubuhi sikumkuta ndani. Nilimkuta kibanjani na panga langu, anaipogoa migomba, anagomba peke yake, "Nani alikuonyesha kuiacha na majani makavu hivi? Na hii yenye mnyauko imesimama inangoja nini, iambukize kijiji?" Nikamwambia lete panga, umekatazwa kuinama. Akasema yeye hajainama, amesimama. Nikalishika, akalishika. Tukabishana pale mpaka majirani wakachungulia uani, na mwisho tukaafikiana kwamba yeye ataonyesha kwa fimbo na mimi nitakata, na tangu asubuhi ile, Mama, sijapumzika, maana kila mgomba ninaougusa anasema nimeukata vibaya.