Mguu Aliouleta Mheshimiwa

Kansanga, Kampala
11 Februari 1973

Dada yangu Mwanaidi,

Nakuandikia nimekaa mkekani, mlango nimeurudisha, mvua ya asubuhi imekwisha na majirani wameanza kupiga kelele zao. Mwili wangu mzima, namshukuru Mungu. Mama je, goti limepoa? Na wewe, kile kikohozi kinachokujia wanapochoma mashamba ya miwa kimekuacha? Nijibu hata kwa mdomo, kupitia dereva huyu aliyekuletea barua. Sikuitia posta. Siku hizi barua za watu zinasomwa na wasioandikiwa, na nilichoandika humu si chakula chao. Ukimaliza kusoma, itie jikoni iungue.

Eda yangu inaisha wiki ijayo. Sijatoka uani tangu Ramadhani. Jirani yangu Nalongo, yule muuza samaki niliyekutajia, ndiye ananinunulia chumvi na mafuta ya taa. Sukari haipatikani, na sabuni tunaikata vipande vidogo kama halua. Lakini hayo unayasikia huko. Nataka nikueleze habari ya mguu wa Marjan, maana nikifika nyumbani nitaulizwa na kila mtu, na sitaki kuisimulia mbele ya watoto nikiwa nacheka na kulia pamoja.

Unajua shemeji yako aliuacha mguu wa kulia Bama, kwenye vita vya Waingereza. Alishona kanzu kwa cherehani cha mkono maisha yake yote, pini mdomoni, gongo limeegemezwa ukutani, na hakuwahi kuniomba nimletee hata maji kama aliweza kuyafikia mwenyewe. Rafiki yake wa vita, Koplo Yosefu, anayetengeneza nyavu kule Ggaba ziwani, yeye alipoteza wa kushoto. Basi wale wawili walikuwa na desturi yao. Kila mwaka walikwenda sokoni pamoja, wakanunua jozi moja ya viatu, Marjan akachukua cha kushoto, Yosefu akachukua cha kulia. Wauzaji waliwajua. Walikuwa wakigombana juu ya rangi kama maharusi. Yosefu alitaka nyeusi, Marjan alitaka kahawia, na mwaka huu mmoja akishinda, mwaka ujao mwingine.

Halafu Mheshimiwa akaingia katika mambo yao. Jina lake silitaji. Wakati ule Bunge lilikuwa bado lipo, na yeye ndiye mbunge wetu. Jumamosi alikuwa akikaa kwenye baa moja hapa Kansanga kusikiliza shida za watu, yeye kwenye kiti, wazee wa vita wamesimama juani kwa magongo yao. Siku moja redio ikasema ameuliza swali Bungeni, kwa nini wazee waliopigana Bama hawapewi miguu ya bandia. Marjan alisimamisha cherehani.  Siku ya pili alikwenda baani, na Mheshimiwa akamshika bega mbele ya watu, akamwambia, "Mzee wangu, mguu wako ni mguu wangu."

Akarudi akanieleza. Mwaka ule, walipokwenda sokoni, hakumpa Yosefu kiatu cha kulia. Alikileta nyumbani, akakisugua kwa kitambaa, akakiweka chini ya kitanda. "Huo mguu ukija," akaniambia, "utavaa nini? Uende pekupeku?"

Yosefu alikasirika. Nakumbuka alisimama pale barazani, akasema, "Yaani wewe, Marjan, kiatu changu unamwekea Mheshimiwa?" Marjan akajibu, "Namwekea mguu wangu." Tangu siku hiyo kila mtu alinunua jozi yake, na kila mtu akawa na kiatu kisicho na kazi. Waliendelea kutembeleana, lakini ile safari ya sokoni ilikwisha.

Dada, alingoja. Kila uchaguzi ulipotajwa mguu ulikuwa umekwisha kufika bandarini. Uchaguzi ukiahirishwa, mguu ulikwama kwenye ushuru. Mwishoni Marjan mwenyewe alifanya mzaha: "Si alisema mguu wangu ni mguu wake? Ndiyo maana hauji. Anautembelea." Lakini viatu vya kulia hakuacha kuvipanga. Nilikuwa nikifagia chini ya kitanda navipanguza vumbi, vimekaa mstari, vyote vya mguu mmoja, havijagusa udongo.

Askari walipochukua nchi na kulifunga Bunge, nilidhani angalau tumepumzika na huyu bwana. Nilikosea. Mtu wa namna ile hukosa kiti tu, njaa haimwishi. Alipoona wenye bunduki wengi ni watu wa ukoo wa kina Marjan, Wanubi, ghafla akakumbuka kwamba tupo. Akaanza kuvaa kofia ya kitambaa kama ya Mwislamu, na kusema "inshallah" baada ya kila neno, hata alipoagiza bia. Maduka ya Wahindi waliofukuzwa yanagawiwa mjini, na yeye anataka duka. Anataka wakubwa wamwone ni rafiki wa askari wazee.

Kwa hiyo Idi ilikuwa imepita siku kadhaa, mimi niko ndani ya eda yangu, nikasikia gari limesimama nje. Jeep. Na jeep siku hizi haileti habari njema. Kisha nikasikia sauti yake, anapaza kama mtangazaji wa mpira:

"Hodi! Mzee Marjan! Leo mguu umefika!"

Nalongo alikuwa barazani anapaa samaki. "Ssebo," akamwambia kwa adabu ya Kiganda, "mzee hayuko."

"Amekwenda wapi? Mtu wa mguu mmoja haendi mbali." Akacheka mwenyewe.

"Alikufa, ssebo. Ile Ramadhani."

 Mimi niko nyuma ya pazia, nikangoja nisikie pole. Dada, watu wabaya kabisa husema pole. Nilichosikia ni yeye kumuuliza mpiga picha wake, "Filamu unayo?" Halafu akasema, polepole, kama mtu anayepima nyama, "Mjane yupo? Mjane ndiyo bora zaidi."

"Iko, lakini haitoki," Nalongo akajibu. "Hata chumvi mimi nanunulia yeye."

Akasogea mpaka kwenye pazia. Niliona ncha za viatu vyake, vyeupe mbele. "Mama, toka kidogo tu. Pokea mguu, sema asante, basi."

"Mwenye mguu amezikwa, Mheshimiwa," nikamwambia.

"Najua, mama, najua, inshallah. Lakini sasa si kwa ajili yake. Ni kwa faida ya wazee wote."

"Mimi niko eda. Sitoki."

"Dakika mbili! Bungeni tulikuwa tunasimamisha kikao kizima kwa jambo dogo kuliko hili."

Na akashika pazia. Nilijifunika uso na kanga, nikageukia ukuta. Hapo nikasikia sauti nyingine, ya kijana: "Wewe! Wacha hiyo pazia."

Alikuwa mmoja wa askari wawili aliokuja nao. Mtoto wa Bombo, kwa Wanubi, nilimjua kwa lafudhi. Akauliza kutoka mbali, "Mama, iko ndani ya eda?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na mzee alipigana Bama?"

"Alipigana."

"Babu yangu pia." Kisha nikasikia buti zinarudi nyuma, na akasoma Fatiha, pale pale uwanjani, taratibu, mpaka mwisho. Mheshimiwa alijaribu kuitikia amina katikati, akakosea mahali. Kijana alipomaliza akasema, "Twende."

"Lakini afande, picha—"

"Nasema twende. Mwanamke wa eda unavuta yeye pazia, wewe ni mtu gani?"

Nimejiuliza swali hilo mara nyingi tangu siku ile, na sijapata jibu linaloandikika.

Usidhani nawasifu askari. Jeep kama ile ilimchukua fundi redio wa nyumba ya tatu, jioni moja, akiwa na fulana ya ndani tu. Mkewe alikuja kukaa nami mkekani.  Hajui kama naye yuko eda au hayuko. Kijana aliyenisomea Fatiha labda ndiye, labda siye. Ninachosema ni kwamba hata yeye, na bunduki yake, alijua pazia ni nini, na mtu aliyeapishwa kututumikia hakujua.

Mheshimiwa aliuacha mguu barazani. "Ubaki hapa," akasema. "Eda ikiisha nitarudi."

Nalongo akauingiza ndani, ameukumbatia kama kuku wa zawadi. Akautazama, akanitazama. "Nyabo, mzee alikosa mguu gani?"

"Wa kulia."

"Huu ni wa kushoto."

Dada, tulicheka. Tangu mazishi sikuwa nimecheka. Nalongo alikaa chini na magamba ya samaki mikononi, akawa anapiga sakafu. Miaka yote ile Marjan alisimama juani kwenye baa ile, na mtu huyu hakuwahi kumtazama chini ya magoti. Tena mguu wenyewe si mpya. Mikanda yake ya ngozi imelegea na ina jasho la mtu mwingine. Sijui aliutoa wapi, na sitaki kujua. Nikaviangalia vile viatu chini ya kitanda, vyote vya kulia, hata kimoja kisingemfaa mgeni huyu wa kushoto. Hapo ndipo nikalia.

Wiki iliyopita alimtuma mtu wake. Eda ikiisha tu, patakuwa na mkutano kiwanjani, na wakubwa wa jeshi watakuja. Mimi nitakaa mbele, nitaupokea mguu, kisha nitasimama niseme kwenye kipaza sauti jinsi Mheshimiwa alivyomtunza Marjan mpaka pumzi ya mwisho. Nikamuuliza mjumbe, na nisipotaka? Akatazama mlango, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, wakubwa wanaweza kuuliza kwa nini mjane wa askari hafurahi." 

Basi ujue, nakuja nyumbani. Nimefanya hesabu yangu. Nikikataa mbele yao, nitafuata njia ya fundi redio. Nikikubali, nitakuwa nimemzika Marjan mara ya pili, na safari hii kwa uongo. Alikuwa mtu wa kungoja, hakuwa mtu wa kusema uongo. Asubuhi ya kwanza baada ya eda, kabla jua halijapanda, lori la dereva huyu litanichukua. Mwombe kaka yetu Juma anipokee Busia upande wenu wa mpaka. Nitakuwa na fuko moja na cherehani. Usimwambie mtu mwingine mpaka unione.

Na mguu nimekwisha kuutumia. Kanzu zake na kabuti lake la vitani walichukua walioosha maiti, kama ilivyo desturi yetu, lakini viatu hakuna aliyevitaka. Juzi nikampa Nalongo mguu aupeleke Ggaba anapokwenda kununua samaki, chini ya kikapu, juu yake majani ya mgomba. Nikamwongezea viatu vyote, vya kulia ambavyo havijavaliwa, na vya kushoto alivyovaa Marjan. Nikamwambia ampe Koplo Yosefu, amwambie ni deni la rafiki yake.

Alirudi jioni na habari. Mguu ulikuwa mrefu, seremala wa mashua akaukata kidogo juu ya kifundo, akauunga tena. Yosefu alichagua cha kulia cha kahawia, kipya, na cha kushoto cha kahawia, kilichochakaa kisigino. Vyeusi vilikuwepo, hakuvigusa. Akatembea kutoka kwenye nyavu mpaka majini, akarudi. Anasema mikanda inamuuma na mguu wenyewe una akili ya mbunge, unakwenda unakotaka. Kisha, Nalongo anasema, akavua kofia, akakaa, akakifuta mchanga kile kilichochakaa kisigino.

Hakukuwa na mpiga picha. Mheshimiwa atakuja na wakubwa wake na kipaza sauti chake, atakuta nyumba imefagiwa. Ataeleza mwenyewe, kwa kuwa kusema anajua.

Msalimie mama, umshike mkono kwa niaba yangu. Nisalimie mjomba mwadhini, shemeji muuza sukari guru, na shangazi anayenidai ule upawa nilioondoka nao siku ya harusi. Mwambie ninao, haujavunjika.

Lori likichelewa, au lisifike kabisa, usije kunitafuta huku. Kaeni huko, na mnikumbuke.

Mdogo wako,
Zaituni