Mungai na Mke Wake, 1998

Jumatatu, 2 Machi 2009

Nzula, mwenzangu kazini, amerudi ofisini Kilimani na albamu tatu kutoka mtaa wa Kabiria. Picha za Nairobi ya zamani, tuziweke kwenye tovuti, dunia nzima ione. Kila nyumba mgeni hupewa albamu aangalie chai ikichemka — na Nzula ana mdomo mtamu, hawamnyimi kitu. Moja ni ya mama mkwe wangu! Mimi naishi na mwanawe miaka minne, sijawahi kuonyeshwa.

Nikaifungua. Mungai wangu, mwembamba, mbele ya jumba la KICC. Amemshika msichana kiuno. Nzula ameandika alivyoambiwa na mama mkwe: "Mungai na mke wake Cate, 1998."

Mke!

Kazi yangu ni kuandika maelezo chini ya picha. Nimeandika: "Vijana wawili mjini."

Jumanne, 3 Machi

Sikulala. Nimeikuza ile picha mpaka ikawa madoadoa. Shingo ya Cate bado nzuri. Nina wivu, niseme tu. Mungai anasema ni mambo ya kale, walikosana. Akaendelea kula.

Alhamisi, 5 Machi

Tovuti yetu ni wazi, yeyote anaweza kusahihisha. Na mtu amesahihisha! "Mke wake Cate" amerudi. Jina lililobaki hapo ni la Wangu, dada yake Mungai; ameandika kutoka saiba, duka la intaneti.

Nikampigia mama mkwe. Alijibu kwa upole, ndiyo maana iliuma.

"Annah, usikasirike. Wewe nakupenda. Lakini mbuzi wa mahari tulipeleka kwa kina Cate. Kwenu hatujapeleka hata mmoja."

Kweli. Nilihamia kwa Mungai na sufuria zangu, basi. Kule kwetu Kangundo baba bado anamwita Mungai "yule kijana".

Jumamosi, 7 Machi

Nilimwambia Mungai jana: twende kwetu na wazee, ama nirudi kwetu peke yangu. Amekubali! Pasaka. Nikaimba nikiosha vyombo.

Halafu akasema lazima kwanza aende kwa kina Cate, waseme mbele ya wazee kwamba yaliisha. Ndiyo desturi yao. Nikasema sawa — kwa mdomo.

Ni leo. Wazee wanamngoja kituoni Adams Arcade. Yeye yuko mbele ya kioo, anapiga mluzi. Shati la bluu, nililomnunulia mimi! Nimemuuliza kama mtu huvaa hivyo kwenda kuachana. Anauliza manukato yake yako wapi.

Chupa nimeikalia.