Logi Tupu ya Kliniki

Jumatatu, tarehe 4
Chai ya rangi, mandazi, seva imewashwa; ndiyo kazi yangu, fundi wa kompyuta. Mvua juu ya mabati ya kliniki, hapa Kawangware 46. Inanibembeleza hadi naota macho wazi. Faili za wagonjwa zinafunguka polepole tena. Wiki jana niliwasha logi, daftari ambamo databesi, ghala la rekodi zetu, huandika maswali ya mfumo yanayochelewa kujibiwa, yenyewe iniambie inakwama wapi. Logi tupu. Hata mstari mmoja hakuna.

Jumanne, tarehe 5
Leo nimeogopa. Mzee Wekesa, fundi viatu, alikuja na kidonda mguuni. Faili yake ikagoma. Nesi Akinyi akangoja, akachoka, akavuta sindano ya penisilini. Alikuwa ameshampaka spiriti ndipo skrini ikafunguka: penisilini inamdhuru. Alikuja mezani kwangu na sindano ikiwa bado imejaa.
"Wewe, hii mashine yako karibu inifanye niue mtu. Ijumaa tunarudi kwa kadi za karatasi."
Nikarudi kwenye logi.

Jumatano, tarehe 6
Nimeona. Logi huandika tu swali linalozidi sekunde kumi. Faili moja huuliza maswali mengi, kila moja sekunde nane, tisa. Yote yanapita bila kuonekana. Nimeshusha kikomo hadi sekunde moja, nikangoja mpaka jioni.
Bado tupu. Najiona mjinga.
Nimerudi nyumbani Soweto West kwa miguu, ndani ya moshi wa mahindi ya kuchoma. Watu walipita kama wanaelea. Kila mmoja nilimpa jina la mgonjwa.

Alhamisi, tarehe 7
Kumbe mfumo wa kliniki uliunganishwa na databesi kabla sijabadilisha kikomo. Haujawahi kukatika, kwa hivyo bado unafuata kile cha zamani. Nimeuzima saa ya lunch, nikauwasha upya. Logi ikaanza kujaa. Swali lilelile, tena na tena: matibabu ya mgonjwa huyu ni yapi? Na kila mara databesi inasoma matibabu ya watu wote tangu kliniki ifunguliwe. Hakuna faharasa ya namba za wagonjwa, ile orodha ya kuielekeza moja kwa moja kwa mgonjwa mmoja. Jedwali hilo nililitengeneza mimi.
Nimemwambia Akinyi kosa ni langu. Akajibu:
"Basi rekebisha."
Nimeweka faharasa. 

Ijumaa, tarehe 8
Faili zinafunguka mara moja. Akinyi ameendelea na kompyuta, kadi hakuzitaja tena. Saa tano foleni iliisha. Alivua viatu, akanyoosha miguu juani nje ya mlango. Nikaketi kando yake. Mama mmoja alikuwa akianika shuka ng'ambo ya barabara. Tulimtazama hadi akamaliza.